Kosa la Ukurasa wa 112

Algoriti yangu ya kwanza niliijua kabla sijaigusa kompyuta. Nilikuwa mwalimu kijana wa hisabati, nimeitwa kusahihisha mitihani. Jioni moja tukaambiwa tupange karatasi zote kwa namba za watahiniwa. Tukaanza kuchomeka mojamoja mahali pake, na kadiri rundo lilivyokua ndivyo kazi ilivyozidi kudorora. Mama mmoja, mzoefu wa shughuli hiyo, akatugawia marundo madogo. Kila mmoja apange lake, kisha wawili wakae pamoja: tazama karatasi ya juu ya kila rundo, chukua yenye namba ndogo, ilaze kifudifudi, rudia. Tulimaliza chai ikiwa bado ya moto. Yeye hakuridhika. Alilipitia rundo zima tena, namba kwa namba, nasi tukanuna kwa kuona kwamba yeye hatuamini.

Miaka kadhaa baadaye, nikisoma shahada ya pili, niliikuta njia ileile kitabuni. Mwanahisabati John von Neumann aliiandika mwaka 1945, kwa mashine ambayo ilikuwa haijajengwa bado. Nilicheka peke yangu maktabani.

Nilipoanza kufundisha chuoni Dar es Salaam, niliona wanafunzi wakikariri kwa Kiingereza darasani, kisha wakielezana kwa Kiswahili koridoni, na huko koridoni ndiko walikoelewa. Basi nikaandika kitabu cha koridoni. Rafu (stack) nilizieleza kwa sahani za mama lishe: iliyowekwa mwisho ndiyo inayotoka kwanza. Utafutaji wa kati nilianza nao kwenye kamusi: fungua katikati, tupa nusu isiyo na neno lako, rudia. Orodha ya majina 1,000,000 yaliyopangwa haihitaji zaidi ya hatua 20. Ukurasa wa 112 niliandika, chini na juu zikiwa mipaka ya sehemu iliyobaki: kati = (chini + juu) / 2. Niliupenda mstari ule kwa ufupi wake.

Muhula wa pili, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alisimama mlangoni kwangu na kompyuta yake mkononi.

“Shikamoo, Profesa. Samahani, kitabu kinanipa nyumba ya bei hasi.”

Alikuwa ametengeneza kwa lugha ya kompyuta ya Java mchezo ambao kompyuta inakisia bei ya nyumba, kuanzia shilingi 1 hadi bilioni 2. Kisio la kwanza: 1,000,000,000. Akaiambia bei ni kubwa zaidi. La pili: −647,483,647. Nilimwambia, kwa sauti ya mtu mwenye kitabu, akaangalie programu yake vizuri. Akaniwekea ukurasa wa 112 kando ya skrini. Herufi kwa herufi, vilikuwa sawa.

Nikavuta karatasi, nikajumlisha kwa mkono chini mpya na juu: 1,000,000,001 na 2,000,000,000. Namba nzima ya kawaida ya Java inaishia 2,147,483,647, na jumla ikivuka hapo inageukia upande wa hasi. Wastani ulikuwa halali kabisa. Jumla ya njiani ndiyo haikuwa na pa kukaa. Dawa yake ni kuanzia chini, kisha kuongeza nusu ya pengo: chini + (juu − chini) / 2.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2006 Joshua Bloch alitangaza kosa hilohilo katika msimbo alioiandikia Java yeye mwenyewe, na lilikuwa limelala humo kwa takriban miaka tisa. Ilinipoza kidogo, lakini haikunisafisha. Hadi mwaka 2008 Donald Knuth, mwandishi wa vitabu vya algoriti, alikuwa akimtumia hundi ya dola 2.56 mtu wa kwanza kuona kosa katika vitabu vyake. Mimi nilimnunulia kijana chai na chapati mbili, na toleo la pili likatoka na mstari uliosahihishwa.

Siku hizi sura mpya haiendi kwa mchapishaji kabla haijapita kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Siwaulizi kama wameielewa, nawaambia waiharibu. Wengine hunitazama kwa mashaka, wakidhani nawatega. Nami humkumbuka yule mama, ameinama juu ya rundo lililokwisha kupangwa, akihesabu upya bila kumjali aliyenuna.