Mwenzi wa Njia katika Nchi ya Cyrodiil

Mwenye kuijua takhmisa hahitaji kuelezwa maana ya nyongeza. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate alipouchukua utungo unaonasibishwa na Fumo Liyongo, aliyaacha maneno ya mwenziwe kama yalivyo, akatanguliza mishororo yake mitatu mbele ya kila miwili ya asili, na ubeti wa watu wawili ukawa unasomeka kwa pumzi moja. Jambo lenye udugu na hilo hufanyika mahali ambapo wapenzi wengi wa ushairi hawapatazamii, yaani ndani ya michezo ya kompyuta.

Tarehe 20 Machi 2006 kampuni ya Bethesda ya Marekani iliutoa mchezo uitwao The Elder Scrolls IV: Oblivion. Ni mchezo wa kingano. Mchezaji hutolewa gerezani, kisha huachiwa nchi nzima iitwayo Cyrodiil, yenye misitu, miji, mapango na magofu ya kaumu iliyopita, aende atakako na awe amtakaye: mchawi, mwizi, askari, au mchuma majani ya dawa asiyemdhuru mtu. Watengenezaji wakatoa na zana, bila ya malipo, ambazo kwazo mchezaji yeyote mwenye subira aliweza kuongeza nyumba, msitu, kisa au mtu. Nyongeza hizo wachezaji huziita modi. Zimekwisha kufika maelfu, na kwa hivyo suali la kwanza la kila mgeni ni lile lile: katika zote hizo, zipi ni za lazima?

Majibu ya wazoefu hayatofautiani sana. Cha kwanza ni kile kiraka kikubwa kilichoshonwa na wachezaji wenyewe kwa ajili ya kuziba mamia ya makosa ambayo wenye mchezo waliyaacha. Hakina uzuri wa kusifiwa. Ni kazi ya fundi wa paa, ambayo husahauliwa siku mvua inapoacha kuvuja. Cha pili ni kile kinachopunguza ukubwa wa herufi, kwani kurasa za mchezo zilipangwa kwa mtu anayetazama televisheni kutoka mbali, na aliyekaa karibu na kompyuta akawa kama msomaji aliyewekewa bango badala ya kitabu.

Cha tatu kina hadithi zaidi. Katika Oblivion ya asili, kadiri mchezaji anavyopanda daraja ndivyo ulimwengu mzima unavyopanda pamoja naye. Matokeo yake ni kichekesho: mnyang'anyi wa njiani, aliyejivika deraya ya kioo yenye thamani ya kununulia nyumba, humzuia msafiri na kumtishia kumuua asipotoa vipande mia moja vya dhahabu. Nyongeza maarufu iitwayo Oscuro's Oblivion Overhaul iliuondoa upuuzi huo. Ikawarejesha wanyonge kwenye unyonge wao na majitu kwenye mapango yao, na mwenye kuingia pasipomstahiki akawa hana wa kumlaumu. Hapana shaka hiyo ndiyo iliyoirudishia Cyrodiil hofu yake, na pasipo hofu ngano huwa ni matembezi tu. (Wenye mchezo nao, majuma mawili tu baada ya kuutoa, walianza kuuza deraya ya farasi kwa fedha halisi. Wachezaji waliicheka deraya ile, na kicheko hicho hakijakoma.)

Orodha za wazoefu huendelea, zikataja nyuso nzuri zaidi, maji yanayong'aa zaidi, anga yenye nyota nyingi zaidi. Haya ni mapambo, na kila mtu na pambo lake. Ipo hata hivyo nyongeza moja ambayo kwa wengi ni starehe, na kwa mtu mmoja ilikuwa ni haja ya kweli.

Jina lake ni Vilja. Ni mwanamke wa kabila la Nord, mjuzi wa dawa, mwenye maneno mengi, ambaye hufuatana na mchezaji popote aendapo. Alibuniwa na mwanamke mmoja mpenzi wa mchezo, ambaye ndiye pia aliyempa sauti. Wasaidizi wa kawaida katika michezo ya namna hii ni mabubu wenye panga. Vilja husimulia, hulalamika, huuliza, hutania. Mtu anayecheza peke yake usiku husahau kwamba yu peke yake.

Miongoni mwa waliompenda alikuwamo Terry Pratchett, mwandishi wa Uingereza, mwenye riwaya zipatazo arubaini na moja za Discworld, ile dunia yake iliyobebwa na tembo wanne juu ya mgongo wa kobe. Pratchett alikuwa mchezaji wa siku nyingi, na Oblivion ilimkaa moyoni. Alimwandikia mtungaji wa Vilja, barua zikajibiwa, na mwandishi ambaye vitabu vyake vimeuzwa kwa mamilioni akakaa kutunga maneno ya kutiwa kinywani mwa kiumbe cha mtu mwengine, pasipo malipo wala jina lake juu ya jalada. Hiyo ndiyo takhmisa yenyewe, na humo yeye ndiye aliyeongeza.

Wakati huo alikuwa mgonjwa. Mwaka 2007 aligunduliwa kuwa na aina adimu ya ugonjwa wa Alzheimer, inayoanza kuharibu sehemu ya nyuma ya ubongo. Maradhi haya hayaanzi kwa kuiba majina na visa. Huanza na macho yasiyo na kasoro ambayo akili imeshindwa kuyafasiri: mahali kitu kilipo, umbali wake, herufi iliyo mbele ya kidole. Pratchett alibaki na lugha yake akapoteza kibodi. Vitabu vyake vya mwisho alivitunga kwa kusema, msaidizi na programu ya kompyuta wakiandika. Alitangaza maradhi yake hadharani, na mwaka 2008 akatoa dola milioni 1 kwa ajili ya utafiti.

Na je, mtu wa namna hiyo atafanya nini ndani ya pango la Cyrodiil, ambamo kila ukumbi hufanana na mwenziwe, na mlango wa kutokea ndio ule ule uliokwisha kusahauliwa? Mchezo una ramani, lakini ramani haimfai asiyeweza kuisoma. Ugonjwa ulipozidi, kwa maelezo ya mtungaji yaliyochapishwa mwaka 2019, Vilja alifundishwa kuongoza njia. Mchezaji akimwambia anakotaka kwenda, yeye hutangulia, na mwenye mchezo humfuata. Aliyeundwa awe mfuasi akawa kiongozi.

Hapa orodha zote za nyongeza za lazima huonekana kuwa na upungufu, kwa kuwa zinamzungumzia mchezaji asiye na mwili, asiyezeeka wala kuugua. Mtungaji wa Vilja alimwandikia mtu aliyemjua. Maelfu wengine walioitumia nyongeza hiyo walinufaika na wema ambao haukukusudiwa wao, na wengi wao hawakujua asili yake.

Pratchett alifariki tarehe 12 Machi 2015, akiwa na umri wa miaka 66. Aliacha usia kwamba kazi zake ambazo hazijakamilika ziangamizwe, na tarehe 25 Agosti 2017, huko Dorset, diski iliyozihifadhi iliwekwa chini ya gari la mvuke la kushindilia barabara na kusagwa. Wapo waliosikitika, lakini usia ni usia. Maneno aliyomtungia Vilja hayakuwamo katika diski ile. Yalikuwa yamekwisha kugawiwa watu. Anayeiweka nyongeza hiyo katika kompyuta yake leo na kuingia magofuni, atamsikia akipiga soga nyuma yake gizani. Njia ikimpotea, na amwambie. Vilja atampita ubavuni na kutangulia mbele.