Maneno Yaliyofika kwa Miguu

Neno safari limevuka bahari. Leo mtu wa London au wa Tokyo hulitamka bila kuhitaji mkalimani, na kwake maana yake ni starehe: gari, hema safi, wanyama na picha. Kule Australia familia hufunga kijumba cha magurudumu nyuma ya gari, zikaenda kupiga kambi milimani. Hatuna ugomvi na starehe hizo. Lakini sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Buteba, katika wilaya ya Busia nchini Uganda, yatupasa kuwakumbusha wanafunzi kwamba safari, kabla ya kupanda gari, ilikwenda kwa miguu, tena ikiwa na mzigo kichwani.

Misafara ya pwani iliyopita nchi ya Wamasai ilikuwa ikipumzika kwa Wawanga, mahali palipoitwa Kwa Sundu, ambapo leo ni Mumias. Joseph Thomson alifika huko mwaka 1883, baada ya kuvuka nchi ya Wamasai pamoja na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Pangani aliyekwisha kuzizoea njia za Umasaini. Kutoka Mumias, misafara ya kwenda Buganda ilielekea magharibi, ikapita pande zetu hizi hadi Busoga. Ndiko alikouawa Askofu James Hannington tarehe 29 Oktoba 1885, pamoja na wengi wa wapagazi wake. Watu hao hawakuvuka mpaka wowote wa Kenya na Uganda, maana ulikuwa haujawekwa. Wateso na Wasamia, ambao leo wako huku na huko, bado hawakuwa wamegawanywa na mstari wa ramani.

Kila mpagazi alibeba mzigo wa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Juu ya mzigo huo alibeba na lugha. Mnyamwezi, Mzaramo na Mdigo walipoota moto mmoja usiku, hawakuwa na njia ya kuelewana ila Kiswahili. Na mwenyeji aliyewauzia mtama au kuku alilazimika kuokota maneno mawili matatu. Baadhi ya maneno hayo yangali nasi. Posho ilikuwa chakula alichopimiwa mpagazi kwa siku. Katika Uganda ya leo posho ndiyo ugali wenyewe, na wanafunzi wetu huila kila adhuhuri bila kujua kwamba wanatamka neno la msafara. Hongo ilikuwa ushuru aliotozwa msafiri na mwenye nchi ili apishwe. Leo ni rushwa, na hakuna mtoto wa mpakani asiyeifahamu. Mnyapara alikuwa mkuu wa wapagazi, kisha akageuka msimamizi wa vibarua na wa wafungwa. Ukiyapanga maneno haya matatu pamoja unapata historia nzima: njaa, njia na mamlaka.

Na njia yetu haikuacha kuzaa maneno. Katika miaka ya 1960 na 1970, mwendo uliotenganisha vituo vya forodha vya pande mbili hapa mpakani ulikuwa wa kumchosha mtu mwenye mizigo. Vijana wenye baiskeli wakajitokeza kumchukua abiria na furushi lake, wakinadi kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka: boda, boda! Leo bodaboda ni pikipiki, na jina hilo limeenea Afrika Mashariki nzima. Huyo kijana ndiye mrithi wa mpagazi.

Hata hivyo, mwalimu asifundishe historia hii kama hadithi ya harusi. Mzee mmoja, mzazi wa mwanafunzi wetu, alitujia shuleni akasema, "Mwalimu, hii lugha ya askari mnawafunzia nini watoto wetu?"

Tukamwuliza, "Mzee wetu, jana usiku mlikula nini nyumbani?"

"Posho na maharagwe."

"Basi hilo, mzee, ni neno la mpagazi. Hakulileta askari."

Alitabasamu, lakini hakusema kwamba ameridhika, nasi hatukumlaumu. Misafara ile ilikuwa na bunduki, na mingine ilirudi pwani na watumwa. Tena Idi Amin alipokitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, raia wengi walikuwa wakikisikia katika vizuizi vya barabarani, kwa sauti ya amri. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini sheria haiwezi kufuta kumbukumbu ya mzee. Mwalimu ndiye atakayemwonyesha mtoto wake sura ya pili ya lugha hii.

Kwa sababu hiyo tuliwachukua wanafunzi wachache wa madarasa ya juu kwenda Mlima Elgon, ambao wenyeji wake huuita Masaba, na ambao asubuhi isiyo na mawingu huonekana kutoka kwetu. Tuliianza njia ya Sasa kutoka Budadiri, tukalala karibu na pango la Mude. Baridi ilikuwa kali, na vidole vilikataa kushika kalamu. Kiongozi na wapagazi walikuwa Wamasaba. Wanafunzi walisema Kiteso na Kisamia. Jioni ya kwanza Kiswahili kilikuwa somo. Kufikia jioni ya pili kilikuwa kuni, maji na chumvi. Hakuna aliyeuliza tena kitamsaidia nini.

Hapo ndipo tulipowafundisha kitenzi kutua. Mpagazi mmoja mtu mzima aliushusha mzigo akasema, "Tutue hapa, Mwalimu, jua nalo linatua." Tukawaonyesha wanafunzi kwamba jua na mpagazi wana kitenzi kimoja, na kwamba katika kitenzi hicho limetoka jina kituo: kituo cha basi, kituo cha polisi, na hata kituo tunachokiweka mwishoni mwa sentensi. Kila sentensi wanayoimaliza ina mahali ambapo mtu alipata kutua mzigo wake. Katika darasa lenye kuta nne tulikuwa tumelifundisha neno hilo mara nyingi, lakini halikuwahi kuwaingia kama siku ile mabega yalipouma.

Kilele kirefu cha mlima huo, Wagagai, chenye mita 4,321, kina jina la wenyeji. Kingine kina jina la Frederick Jackson, aliyeupanda mlima huo mwaka 1890 akiongoza msafara wa Kampuni ya Kiingereza. Waliombebea hema hawana kilele. Walichotuachia ni msamiati.

Twawasihi walimu wenzetu, hasa walio karibu na njia za kale, wasingoje fedha za kwenda mlimani. Kilima kilicho nyuma ya shule chatosha. Wanafunzi na wabebe maji na kuni kwa zamu, wapike, wapotee njia kidogo na kuiuliza kwa Kiswahili, kisha wayaandike maneno waliyoyahitaji. Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Wapagazi hawakwenda bure, na waliyoyaangusha njiani yangali yakiokotwa na watoto wetu kila siku wanapopanga foleni ya posho.