Aliyebeba Begi Langu

Siku yetu ya mwisho Moshi haikuwa na kazi yoyote. Jana yake tulikuwa tumeshuka Marangu baada ya siku sita mlimani, na basi la Dar es Salaam lilikuwa la kesho alfajiri. Tulikuwa watu sita wa usharika mmoja, wote tukishuka ngazi za nyumba ya wageni kinyumenyume kwa ajili ya magoti. Tukanywa mtori karibu na Soko la Mbuyuni, tukajikongoja hadi Mnara wa Saa, tukarudi kukaa kivulini. Mlima ulikuwa umejifunika wingu, kama kawaida yake mchana.

Tulipanda kuadhimisha Desemba 9, tukimkumbuka Alexander Nyirenda aliyesimika bendera na mwenge pale juu mwaka 1961. Wenzangu watatu walifika Uhuru, mita 5,895. Mimi niliishia Gilman's Point, na sikuona aibu. Aibu ilikuwa inanisubiri mjini.

Kabla ya chai ya saa kumi nikaombwa niongoze sala ya shukrani. Nikashukuru kwa majina, kama nilivyozoea: wenzangu, kiongozi wetu, mpishi. Nilipofika kwa kijana aliyebeba begi langu, ulimi ukakwama. Siku sita! Mandara alinipokea na maji ya moto ya kunawa. Horombo alinikaushia soksi. Kibo, kabla hatujaondoka usiku wa manane, alinipa glavu zake kwa kuwa zangu zilikuwa zimelowa. Nami nilimwita "kijana" tu, na getini nikampa bahasha nikampigapiga begani.

Nikasema, "na yule aliyetubebea mizigo." Wenzangu wakaitikia amina. Mimi, mzee wa kanisa niliyefundisha Yohana 10 mara nyingi, habari za mchungaji anayewaita kondoo wake kwa majina, sikuweza kuitikia.

Nikampigia kiongozi, akanipa namba. Kijana alikuwa kwao Kibosho, anapalilia migomba.

"Shikamoo baba! Goti la kushoto linaendeleaje?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nimepiga kumuuliza jina. Akanyamaza kidogo, halafu akacheka.

"Nilikuambia siku ya kwanza, baba, pale getini. Mlikuwa mnapiga picha."

Nikamwomba radhi. Akasema hamna neno, wengi huwa hivyo. Lakini jina lake alilitaja mara mbili, polepole. Sitaliandika hapa, maana sikumwomba ruhusa. Nikauliza nimwombee nini. Akasema mama yake ana presha, na Jumamosi yeye anapanda tena kwa njia ya Machame. Mama atabaki na mdogo wake.

Saa kumi na mbili jioni wingu likafunguka, Kibo ikatokea nyeupe juu ya mabati ya mji. Wenzangu wakatoa simu wapige picha. Mimi nikairudia ile sala, nikamtaja kijana kwa jina. Nilipofika kwa mama yake nikakwama tena: sikuwa nimeuliza anaitwa nani.

Nikapiga simu.