Nani Atavaa Njuga za Mjomba?

Msomaji mpendwa, kama una watoto nyumbani basi huna haja ya kuambiwa kwamba likizo ya shule si likizo ya mzazi. Aprili iliyopita niliwachukua wangu wawili, mvulana wa miaka 13 na msichana wa miaka 11, nikawapeleka kwa mama yangu Kiambere, kule Mbeere, nikitumaini kwamba mbuzi, ndengu na jua kali vitawasahaulisha runinga walau kwa wiki moja. Kumbe nilikuwa najidanganya. Mvulana alikuwa ameficha flashi yenye katuni ndani ya soksi zake, na nyumba ya mama siku hizi ina stima.

Hapo penye stima niruhusu nipige kona kidogo. Bwawa la Kiambere ndilo la mwisho kwa upande wa chini kati ya yale matano ya Mto Tana, ukishapita Masinga, Kamburu, Gitaru na Kindaruma. Mitambo yake ilianza kazi mwaka wa 1988, mwaka ule ule niliozaliwa mimi. Nilikua nikitazama nyaya nene zikipita juu ya vichwa vyetu kwenda kuwamulikia wengine, huku sisi tukisoma kwa koroboi. Leo mama ana balbu tatu na runinga ndogo, na kila jioni kaka yake mkubwa, yaani mjomba wangu, huja na mkongojo wake kunywa chai na kusikiliza taarifa ya habari.

Jioni ya pili hakupata habari. Alikuta wajukuu wamekaa sakafuni wakitazama Batman.

Si yule Batman unayemfahamu wewe. Hii inaitwa Batman Beyond, na ilianza kuonyeshwa Marekani Januari 1999. Ndani yake shujaa yule wa kofia yenye masikio ya popo amezeeka. Kisa kinaanza akiwa bado kazini, mtu mzima mwenye mvi, akienda kumwokoa mwanamke aliyetekwa nyara. Katikati ya mapigano moyo unamshika. Anayumba, anapigwa, na kwa kukosa njia nyingine anaokota bastola na kumwelekezea mhalifu. Hafyatui, lakini kwake kule kuishika tu ni aibu kubwa, maana wazazi wake waliuawa kwa bastola akiwa mtoto na aliapa kutoitumia kamwe. Anarudi kwenye pango lake, anavua vazi, anazima taa moja baada ya nyingine na kufunga mlango. Inapita miaka 20.

Mjomba alikuwa bado amesimama mlangoni. "Huyo mzee ana ugonjwa gani?" akauliza.

"Moyo, babu," mwanangu akamjibu.

"Ana watoto?"

"Hana."

Mjomba akavuta kiti.

Yafaa nikueleze kwa nini alivuta kiti. Katika miaka ya sabini na themanini mjomba wangu alikuwa mchezaji wa mironjo. Mironjo ni yale magongo marefu ambayo mtu hufungwa miguuni akatembea na kucheza ngoma juu yake, na eneo la Embu limesifika kwa uchezaji huo kama jirani zao wa Chuka walivyosifika kwa ngoma zile ndefu wanazozibana mapajani. Alikuwa na njuga miguuni, shuka nyeupe iliyoficha magongo, na kofia ya manyoya meusi na meupe iliyomfunika uso mpaka kidevuni. Mimi nilipokuwa mdogo sikujua kwamba jitu lile refu lisilo na uso ni mtu yule yule aliyekuwa akitununulia mandazi. Siku za sikukuu za taifa lori lilikuwa likija kuwachukua, wakaenda Embu mjini kucheza mbele ya wakubwa.

Ile kofia ilikuwa ya ngozi ya mbega. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka wa 1977, na biashara ya ngozi ikafuata mwaka uliofuata, kwa hivyo ilipochakaa hakuweza kupata nyingine, akashonea mabaka ya ngozi ya mbuzi. Kwa mbali huoni tofauti. Kwa karibu inanuka mbuzi.

Sasa turudi kwenye runinga. Kijana mmoja wa shule ya upili, jina lake Terry McGinnis, anafukuzwa na genge la wahuni wa pikipiki hadi kwenye lango la jumba la mzee. Mzee anatoka na fimbo yake na kuwacharaza wahuni wale, kisha pumzi zinamwishia. Kijana anamsaidia kuingia ndani kunywa dawa, na katika kuzubaa kwake anagundua mlango wa pango nyuma ya saa kubwa. Mzee anamfukuza. Usiku huo huo kijana anafika nyumbani na kukuta baba yake ameuawa. Anarudi kuomba msaada, mzee anamwambia aende polisi, na kijana anafanya nini? Anaiba vazi.

Mwanangu alikuwa akitafsiri haraka haraka kwa Kiswahili chake cha Nairobi, na mjomba alikuwa akiitikia kwa kichwa. Kijana alipolivaa vazi na kuanza kuruka juu ya majengo, mjomba akainua mkono.

"Ngoja. Huyu alijifunza lini?"

"Hakujifunza, babu. Hilo vazi ndilo lenye nguvu."

"Basi hiyo si nguo," akasema mjomba. "Hiyo ni bodaboda."

Tulicheka sana. Lakini neno lile limekaa nami tangu siku hiyo, kwa maana pale ndipo katuni inapoachana na Kiambere. Batman anaweza kungoja miaka 20 akinuna gizani, kwa sababu vazi lake halisahau. Atakayelivaa, hata awe hajawahi kurusha ngumi, ataruka. Mironjo haina fadhila hiyo. Magongo ni miti tu. Anayejua ni mguu, na mguu hufundishwa na mguu mwingine: namna ya kupanda ukiwa umeegemea ukuta, namna ya kutosimama tuli hata dakika moja, na somo la kwanza kabisa, namna ya kuanguka bila kuvunjika. Mwalimu mwenyewe akishafika kwenye mkongojo, nusu ya somo imekwenda.

Basi tukafika mahali ambapo mzee wa katuni, akiwa nyumbani kwake, anaongea na kijana kwa redio iliyo ndani ya kofia. Anamwamuru arudishe mali ya watu. Kijana anakataa. Mzee anabonyeza kitu, na vazi linakufa ganzi kijana akiwa ndani yake, katikati ya maadui. Wanampiga kama ngoma.

Mjomba alipiga goti kwa kicheko. "Hata mimi nilifanya hivyo hivyo!"

Mama yangu hakucheka. Alijua anachokisema, nami nilijua. Miaka kama 15 iliyopita mjomba alikuwa na mwanafunzi mmoja, kijana wa pale pale kijijini, mwepesi, mwenye miguu mirefu. Wanaomkumbuka wanasema angefika mbali. Siku moja kijana huyo alichukua magongo, njuga na kofia bila ruhusa akaenda kucheza kwenye harusi na kulipwa. Mjomba alipata habari, akapanda gari, akafika pale harusini na kumvua kofia mbele ya bibi harusi na wageni wote. Tangu siku ile hawajasemezana. Kijana sasa ni baba wa watoto wanne, analima muguka, na mapato yake kwa wiki huenda yakapita yale ambayo mjomba alilipwa kwa ngoma kwa mwaka mzima.

Katika katuni, kijana anaeleza huku akipigwa kwamba waliomuua baba yake ni hao hao, na kwamba wana sumu wanayotaka kuisafirisha. Mzee ananyamaza kidogo. Kisha anabonyeza tena, na vazi linaamka.

Mjomba aliendelea kutazama mpaka mwisho, mpaka pale mzee anapompa kijana kazi rasmi. Lakini hakucheka tena. Aliaga bila kumaliza chai.

Unaweza kuuliza, na wewe mwandishi ulikuwa wapi miaka yote hiyo? Swali la haki. Mwaka wa 2001, nikiwa na miaka 13 kama mwanangu sasa, mjomba alinikatia magongo mafupi akanisimamisha kwenye ukuta wa ghala. Nilipanda mara mbili. Mara ya tatu nilianguka, nikachubuka kiwiko, nikasema nina mtihani. Mtihani wenyewe ulikuwa bado miezi mingi. Mjomba hakunilaumu wala hakuniita tena. Baadaye nikaenda Nairobi, nikasomea uandishi, na hadi leo nalipwa kwa kueleza ngoma za watu wengine. Nimewahi kuandika kuhusu Bomas of Kenya, kituo kilichoanzishwa mwaka wa 1971 ili ngoma za makabila zisipotee, nikasifu kazi yao kurasa mbili nzima. Mjomba wangu sikuwa nimemwandikia hata mstari mmoja.

Kesho yake asubuhi binti yangu alimfuata mzee kwake. Alikuwa na simu ya mama yake, na humo kulikuwa na katuni nyingine, Supa Team 4, iliyobuniwa na Malenga Mulendema wa Zambia na kuanza kuonyeshwa na Netflix Julai 2023. Mambo yanatokea Lusaka. Yumo mama mmoja mtu mzima aitwaye Mama K, jasusi mstaafu, ambaye hakungoja mtu aje kumwibia. Alitoka mwenyewe akatafuta wasichana wanne wa shule na kuwapa mavazi na kazi.

Nilifika nikiwa nyuma kidogo, nikamsikia mjomba akisema, "Sisi hatukuwa na wasichana juu ya magongo. Wasichana walikuwa wakiimba na kupiga makofi."

"Kwa nini, babu?"

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Lakini wavulana wamekataa," akasema binti yangu. "Baba alikataa. Kaka ameniambia yeye hataki, anaogopa kuvunjika. Sasa umebaki na nani?"

Msomaji, ningekuwa nimezungumza hivyo na mzee katika utoto wangu, ningekula fimbo. Mjomba alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaingia ndani akatoka na magongo yake ya zamani, meusi kwa mafuta na jasho, urefu wake unanipita mimi. Binti akanyoosha mkono. Mjomba akayarudisha nyuma.

"Haya ni yangu. Miti hukatwa kwa kipimo cha mwenye miguu. Haya yatakuvunja shingo."

Akayarudisha ndani, na mazungumzo yakaishia hapo. Binti yangu alishinda siku nzima amenuna, nami nilimwambia yale tunayowaambia watoto tunapokosa la kusema, kwamba babu amechoka.

Siku tuliyokuwa tunaondoka, matatu ya Kiritiri inapita asubuhi na mapema, kwa hivyo tulitoka nje kukiwa bado na giza. Mjomba alikuwa amekaa chini ya paa la ghala na panga mapajani, akichonga mti mbichi wa mukau. Mwingine ulikuwa tayari umeegemezwa ukutani, mweupe, mwembamba, hauzidi kimo cha kifua changu. Alimwita binti yangu, akampima kwa kamba kutoka gotini hadi kwenye wayo, akafunga fundo kwenye kamba na kuitia mfukoni. Kwangu hakusema kitu.

"Ni yangu?" binti akauliza.

"Haijawa ya mtu. Ikauke kwanza," mjomba akajibu. "Ukija Agosti, njoo na suruali ndefu."

Halafu, tukiwa tumeshaanza kutembea kuelekea barabarani, aliniita kwa jina. Akaniuliza kama ninayo nambari ya simu ya yule kijana wa muguka.

Sikuwa nayo. Nimeitafuta, nimeipata, na Jumatano nilimtumia. Binti yangu naye amempigia nyanya yake mara tatu wiki hii kuuliza kama mti umekauka.