Uzee Hauji Ghafla

Mbagala tuna maneno mengi ya jambo moja. Mzee akiamka mdomo umeenda upande, huyu atasema kapigwa na upepo, yule katupiwa jini, mwingine atashusha sauti: kapooza. Neno la hospitali, kiharusi, mara nyingi huja mwisho. Kwa sisi tunaopenda lugha huo ni utajiri, lakini neno ndilo linaloamua bajaji ielekee wapi. Ukisema upepo, inakata kona kwenda kwa mtaalamu. Ukisema kiharusi, inakwenda kwa daktari.

Bibi yangu wa Charambe alikuwa anapepeta mchele, mkono wa kulia ukaacha kumtii, ungo ukamwagika. Maneno yakatoka mazito. Majirani wakajaa: huyu na chai ya tangawizi, yule na vidonge vya presha, ameze viwili kwa mpigo. Mama mdogo akawazuia. "Jamani, hapa haingii kitu mdomoni!" Koo lililolegea hupalia, na presha ikishushwa ovyo ubongo unaweza kukosa damu. Akamlaza ubavu, akauliza: "Nani kamwona mzima mara ya mwisho, na saa ngapi?"

Sijasikia swali la maana kuliko hilo. Kama damu iliyoganda imeziba mshipa, dawa ya kuiyeyusha hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya CT scan, maana kama mshipa umepasuka dawa hiyohiyo inaweza kuua. Toa foleni ya Kilwa Road, uone kinachobaki. Bibi leo anatembea kwa mkongojo, umbea haukupungua.

Si jambo la nadra. Utafiti wa 2003 hadi 2006 ulikuta Dar es Salaam, umri ukisawazishwa, kiharusi 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Wilayani Hai, 109.

Ila neno ninaloliogopa kuliko upepo ni "uzee". Babu kaamka hajui siku, mkewe anamwita kwa jina la dada yake, watu wanasema: "Uzee huo, mwacheni." Uzee hauji ghafla kati ya swala ya alfajiri na chai. Huenda sukari imeshuka, huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo, au damu inayovuja taratibu kichwani wiki kadhaa baada ya kuteleza bafuni. Yote hayo yana tiba. "Mwacheni" haina.