Volti Zimejaa, Sauti Hakuna

Amplifaya ya gita inayotumia valvu hubeba volti zaidi ya 300, na kapasita zake huweza kushikilia chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Kwa hiyo kabla ya somo lolote namwambia anayejifunza: mkono mmoja uwe mfukoni, chaji imwagwe kupitia rezista, kisha upime tena uhakikishe. Umeme huu unaua.

Baada ya hapo huja vipimo, na karibu kila amplifaya mpya hutoa namba isiyofanana na ya mchoro. Wengi hukimbilia kung'oa vipuri. Mimi huomba namba isikilizwe kwanza. Volti zikizidi kila mahali kwa kiwango kimoja, kosa halimo kwenye valvu: transfoma iliyosukwa kwa volti 220 ikichomekwa kwenye umeme wa Kenya wa 240, kila kitu hupanda kwa asilimia 9, na hita za valvu, za volti 6.3, zitasoma karibu 6.9. Michoro ya Fender ya miaka ya 1960 yenyewe iliruhusu tofauti ya asilimia 20, juu au chini.

Namba inayonifikirisha zaidi ni nyingine. "Mjomba, hapa umeme umejaa tele, mbona haisemi?" mpwa wangu aliniuliza, ncha ya mita ikiwa kwenye anodi ya valvu ya kwanza, 12AX7. Tulitarajia volti 150; zilikuwa 250, sawasawa na kwenye chanzo cha valvu hiyo. Kati ya chanzo na anodi kuna rezista ya omu 100,000. Valvu ikifanya kazi huvuta kama miliampea 1, na volti 100 huishia kwenye rezista hiyo. Upungufu ule ndio ushahidi wa kazi. Volti zikijaa pale, hakuna mkondo unaopita.

Kathodi nayo, ncha ya valvu iliyo upande wa fremu, badala ya volti 1.5 ilikuwa imepanda kupita kiasi. Kama hita ingekuwa imekufa, tungesoma sifuri hapo. Basi valvu ilikuwa nzima, ila haikuwa na njia ya kufika kwenye fremu: lehemu ya kiungo kimoja haikushika.

Namba hizo hunikumbusha vikao vya ukoo ambako dada anayemuuguza mama hulaumiwa kwa kukonda na kukosa pesa, na anayekuja sikukuu tu husifiwa kwa uchangamfu wake. Tunawapima kwa mchoro mmoja, tukisahau kwamba mmoja amebeba mzigo na mwingine hakubeba. Lakini valvu ile inanizuia kumhukumu haraka huyu wa pili pia. Huenda ni mzima kabisa, na sisi ndio tuliomwacha bila kiungo.

Kikao kilichopita kilipogawa zamu za kumpeleka mama kliniki, niliomba jina la mdogo wetu wa mwisho, yule wa sikukuu, liandikwe. Akauliza aanze lini.