Miaka Yangu Katika Ghuba ya Chole

Nilianza kazi nikiwa baharia wa mashua ya kuvusha watu kutoka Utende kwenda Kisiwa cha Chole. Ghuba yetu imekingwa vizuri: Kisiwa cha Mafia chenyewe kimeizunguka upande mmoja, visiwa vya Juani na Jibondo vinapokea mawimbi ya bahari kuu, na Chole kimekaa ndani. Maji mengi huingia na kutoka kwa mlango wa Kinasi, na siku za bamvua mkondo wa hapo humshinda hata nahodha mzoefu. Mzee aliyenifunza alikuwa mkali kwa jambo moja: usiguse nanga kabla hujajua mwezi umefika siku ya ngapi. Elimu hiyo ndiyo iliyonilisha hadi uzee.

Miaka hiyo baruti ilikuwa ikilia kwenye miamba yetu. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na wadogo pamoja, na matumbawe yaliyovunjika huchukua miaka mingi kuota tena. Kulikuwa pia na jarife, wavu wa macho makubwa wa kutegea papa na taa, ambao kasa na nguva wakinaswa hawawezi kupanda kuvuta pumzi, hivyo hufa maji. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilipoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania, wenzangu wengi waliogopa kwamba watafukuzwa baharini. Hofu yao ilikuwa na msingi, maana mvuvi hana shamba lingine. Lakini mimi nilikuwa nimeokota samaki waliopasuka matumbo wakielea bila mwenyewe, na niliiunga mkono hifadhi tangu mwanzo.

Baadaye nikaingia katika ulinzi wa viota vya kasa huko Juani, upande unaotazama bahari kuu. Kazi huanza alfajiri, kabla upepo haujafuta alama za kasa mchangani. Kasa wa kawaida hupiga mapezi yote mawili ya mbele kwa pamoja, kwa hiyo mburuzo wake hulingana kulia na kushoto. Kasa ng'amba hupishanisha, na alama zake ni nyembamba. Ukishakijua kiota, swali la pili ni bamvua: je, maji makubwa yatafika hapa? Yakifika, mayai yatazama. Inabidi yahamishwe asubuhi ileile, moja moja, bila kugeuzwa, kwa sababu baada ya saa chache kijusi hujishika kwenye ganda, na yai likipinduliwa hufa. Kiota kimoja kinaweza kuwa na mayai mia na zaidi, na kuyasubiri yaanguliwe ni kazi ya miezi miwili hivi. Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: mchanga wa moto hutoa majike, wa baridi madume. Ndiyo maana nimegombana na watu kwa ajili ya miti ya ufuoni. Anayekata kivuli kile anadhani amekata kuni tu.

Tukirudi, mara nyingine tulipitia magofu ya mji wa Kua, upande wa pili wa Juani. Pale pana misikiti, makaburi na jumba kubwa la mawe na chokaa, na mizizi imepenya kutani. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Madagaska waliuvamia mji huo, wakaua na kuchukua mateka, na Kua haikuinuka tena. Chole ndicho kilichokua baada yake, kikapata nyumba za mawe na wenye mashamba ya minazi yaliyolimwa na watumwa. Wajerumani nao wakakifanya makao ya utawala, hadi 1913 walipohamia Kilindoni. Nimesikia wageni wakisifu uzuri wa magofu hayo. Mimi kila nikiyapita nawafikiria waliobeba mawe, na waliofungwa na kupakiwa vyomboni, na huwa sioni uzuri wowote.

Chole kina popo wakubwa walao matunda, jamaa wa wale wa Komoro. Mchana hulala wakining'inia kwenye miti mikubwa kijijini, na wanakijiji wenyewe ndio waliokubaliana wasisumbuliwe. Makubaliano ya namna hiyo yana nguvu kuliko bango lolote. Hata kasa hawakuokolewa na boti ya doria peke yake. Waliokolewa na mtu wa Juani aliyekuwa akichimba mayai ale, kisha akaamua kuja kutuonyesha kiota.

Sasa miguu yangu haiwezi tena mchanga wa alfajiri. Kijana wa Juani, Chole au Jibondo unayesoma haya, wengi wetu tuliofanya kazi hii tumezeeka. Msimu wa kutaga ukifika, mwendee mlinzi wa viota, ufuatane naye, ujifunze mwezi, maji na mburuzo angali na nguvu za kukufundisha. Na ukipita Kua, usichukue jiwe.